Gari iko ndani ya waranti, imekufa njiani, naambiwa gharama ya kuvutwa ni juu yangu. Ni sawa hii?

#1 Gia_ya_Nne
Wakuu, salama? Nina jambo limeninyima usingizi, leo usiku wa tatu.

Gari nilinunua mpya. Ina miaka miwili na miezi minne, imetembea kilomita 61,000 na kitu. Waranti imeandikwa miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Juzi nikiwa safarini taa nyekundu ya joto ikawaka, injini ikakosa nguvu, ikazima. Kutoka pale hadi kwa wakala ni kilomita 140. Nikapiga ile namba iliyobandikwa kwenye kioo. Dada akanisikiliza vizuri tu, mwisho akaniambia huduma ya barabarani ilikuwa ya mwaka wa kwanza peke yake. Basi nikatafuta bredauni mwenyewe. Nilicholipa kingenunua matairi manne mapya, sitanii.

Sasa wakala ana maneno matatu. La kwanza, pesa ya kuvuta hairudishwi hata kosa likiwa la kiwanda. La pili, gasketi ya hedi imekwenda na hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) inaonekana imepinda, ila "tunachunguza" kama inaingia kwenye waranti. La tatu, kuna mlio nyuma kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi), na huo anasema haumhusu kabisa.

Waranti gani hii inatengeneza gari lakini haitaki kuifuata ilipo?

#2 SitiYaMbele
Nimeshakaa. Funga mkanda jirani.

#3 Mama_Funguo
Pole sana kaka. Mimi yalinikuta, nikalipa, nikanyamaza kwa sababu nilidhani mjinga ni mimi peke yangu. Ngoja nije nikueleze nikishatulia.

#4 KanuniNdogo
Mleta uzi, umechanganya vitu vitatu ambavyo wauzaji nao hupenda vichanganyike.

Waranti ya kiwanda ni ahadi ya kutengeneza au kubadilisha kifaa chenye kasoro ya malighafi au ya uundaji. Basi. Chukua kile kijitabu, tafuta ukurasa wa "visivyohusika". Karibu vyote vina sentensi moja ndefu inayotaja kuvutwa, malazi, gari la kukodi, muda uliopotea na mapato uliyokosa. Wanaziita hasara zinazofuata.

Huduma ya barabarani ni kitu kingine, mara nyingi inaendeshwa na kampuni nyingine kabisa, ina muda wake na ukomo wake wa kilomita. Kuisha kwake hakuigusi waranti, na waranti kuwa hai hakuifufui.

Cha tatu ni haki ya mnunuzi kisheria, nayo ni dhidi ya aliyekuuzia, si kiwanda. Humo ndimo watu wengi hawaingii. Kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, muuzaji anawajibika miaka 2, na kutengeneza "bila malipo" kumetafsiriwa kuwa ni pamoja na gharama ya kusafirisha kitu chenyewe. Uingereza nako, Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inasema muuzaji abebe gharama zinazohitajika za ukarabati. Kwa hiyo mtu mmoja, gari moja, anaweza kukosa pesa ya kuvutwa kwa mlango wa waranti akaipata kwa mlango wa sheria. Inategemea ulinunulia chini ya sheria ipi.

#5 Mzee_Spana
Mnakimbilia karatasi na gari bado haijaeleweka. Mleta uzi nijibu mawili. Maji ya rejeta yalikwenda wapi? Na gari yako ni 4x4? Kama ni 4x4, ilivutwaje?

#6 Gia_ya_Nne
Mzee shikamoo. Ndiyo, ni 4x4, otomatiki. Jamaa alinyanyua pua, matairi ya nyuma yakabaki chini. Nilimuuliza, akasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Maji sijui yalikwenda wapi, nilipofungua boneti palikuwa na mvuke tu.

#7 Mzee_Spana
Marahaba. Basi mlio wa difu umeshaupata mwenyewe.

Sikiliza. Otomatiki inapakwa mafuta na pampu ndogo ndani ya giaboksi, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala. Ukiburuta gari matairi yanayovuta yakiwa chini, shafti ndani inazunguka kavu. Na kwenye 4x4 ukinyanyua upande mmoja, mbele pamesimama na nyuma panakimbia, ile klachi au difu ya kati inayounganisha pande mbili inaungua kwa tofauti hiyo. Kilomita 140! Gari kama hiyo inapanda juu ya lori matairi yote manne, au nyuma inawekewa vigari vya magurudumu. Hakuna njia ya tatu.

#8 PlagiMoja
Mzee hapo umetia chumvi. Yangu ilivutwa na kamba kilomita 30 nzima, nikaweka nyutro, mpaka leo inadunda.

#9 Mzee_Spana
Yako ni manyuo, gia za mkono, mwanangu, tena ya matairi mawili. Hata kwenye otomatiki vipo vijitabu vinavyoruhusu mwendo usiozidi 50 kwa saa na umbali usiozidi kilomita 50, na vipo vinavyokataza hata mita moja. Ndiyo maana nauliza gari kwanza, kamba baadaye.

#10 BredauniMstaafu
Nimefanya kazi ya kuvuta magari miaka kumi na tisa, naomba nisemee upande wetu kabla hatujaitwa majambazi.

Mteja anapiga simu saa nane usiku, anasema "gari imezima tu." Hasemi ni 4x4. Hasemi iko mtaroni. Namtumia lori la kunyanyua pua kwa sababu ndilo liko karibu na ndilo rahisi. Nikifika nakuta gari lilipaswa kubebwa. Nikirudi kuchukua la kubebea, nani alipe safari ya kwanza?

Na bei hazitoki hewani. Kuna ada ya kuwasha lori na kutoka. Kuna kilomita, nazo zinahesabiwa kutoka yadi, kwenda na kurudi, kwa sababu lori halirudi kwa maombi. Kuna winchi kama gari imetoka barabarani, kuna nyongeza ya usiku na sikukuu, kuna muda wa kungoja mkiwa mnabishana na bima kwenye simu. Halafu kuna kulaza gari yadi, kwa siku. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowamaliza watu. Mtu anaacha gari wiki mbili "akitafakari", akija anakuta kulaza kumeipita bei ya kuvuta.

Ila kwa kesi hii, huyo dereva alikosea. 4x4 otomatiki kilomita 140 matairi ya nyuma chini, hapana. Mimi ningemwachisha kazi.

#11 TairiLaAkiba
"Lori halirudi kwa maombi" 😂 naenda kuiandika nyuma ya gari langu.

Lakini mkuu, kuna siku nililipia kurudi, na nikaona kwa macho yangu lori likirudi limebeba gari la mtu mwingine. Naye alilipia kwenda na kurudi?

#12 BredauniMstaafu
#11 hilo siwezi kulijibu hadharani.

#13 Mama_Funguo
Nimerudi. Yangu haikuwa waranti ya kiwanda, ilikuwa ile ya nyongeza unayouziwa ya kiwanda ikiisha. Nikaambiwa inafunika injini na giaboksi. Giaboksi ikaanza kuruka gia. Nikaita, nikavutwa, gereji ikasema ili wajue tatizo lazima waifungue, nisaini. Nikasaini. Walipoifungua, kampuni ya waranti ikasema kilicholika ni klachi za ndani, ni uchakavu, hazimo. Kumbe karatasi niliyosaini inasema ikiwa kilichokutwa hakimo, saa za kufungua na kufunga ni zangu. Nikalipa kufungua, nikalipa kufunga, na giaboksi ikarudi na ugonjwa wake uleule.

Kaka, umesaini chochote?

#14 Gia_ya_Nne
Dada usinitishe. Nimesaini karatasi moja ya "kuruhusu uchunguzi".

#15 SitiYaMbele
Ndiyo hiyo.

#16 KanuniNdogo
Isome tena na uulize kwa maandishi kabla hawajaenda mbele: uchunguzi unaishia wapi, saa ngapi zimeidhinishwa, na kama kasoro ikiwa yao saa hizo zinafutwa? Simu haina kumbukumbu.

Kwa wale wa waranti za nyongeza, zipo ambazo kisheria ni mkataba wa huduma au bima, si waranti. Zina kikomo kwa kila dai. Zinataja vifaa kwa majina, na kisichotajwa hakimo. Neno "injini" kwenye tangazo linaweza kuwa na maana ya vyuma vinavyozunguka ndani ya mafuta tu; sensa na mabomba ya nje ni wageni.

#17 Nukta_Nyekundu
Mimi nauliza swali la kijinga. Mleta uzi ulifanyia sevisi wapi? Maana wakala akisikia gereji ya nje tu, faili linafungwa.

#18 Gia_ya_Nne
Sevisi tatu za kwanza kwa wakala. Ya kilomita 50,000 gereji binafsi, nina risiti, walibadilisha oili na vichujio na "kucheki maji".

#19 PlagiMoja
Kwisha habari. Ukitoka kwa wakala mara moja waranti imekufa, hiyo inajulikana.

#20 KanuniNdogo
Inajulikana na si kweli kila mahali, #19. Marekani tangu 1975 ipo sheria inayomkataza mtoa waranti kukulazimisha kutumia vifaa au huduma yenye jina lake, isipokuwa anakupa bure. Ulaya nako kanuni za ushindani zinalinda gereji huru, mradi sevisi imefuata ratiba na viwango vya kiwanda na una kumbukumbu. Anachoweza kusema wakala ni kwamba *kazi hiyo mahsusi* ndiyo iliyoleta *uharibifu huu mahsusi*. Akisema hivyo, aonyeshe.

Na kwa kuwa nilitaja Ulaya, miezi 6 ya mwanzo kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu gari linauzwa, mzigo wa kuthibitisha uko kwa muuzaji.

#21 Daftari_la_Kijani
Sahihisho dogo kwa #20: miezi 6 ni ya zamani kwa Umoja wa Ulaya. Agizo la 2019 limeifanya mwaka 1 na linatumika kwa mauzo ya kuanzia Januari 2022. Nchi zinaweza kuongeza hadi 2. Miezi 6 imebaki Uingereza. Kwa mleta uzi mwenye miezi 28 haisaidii chochote, lakini tuandike sawasawa.

#22 KanuniNdogo
Asante, uko sahihi.

#23 Mzee_Spana
Turudi kwenye maji. "Kucheki maji" kwenye gereji kunaweza kuwa na maana kwamba kijana alifungua mfuniko, akaona pamepungua, akajaza ya bomba. Maji matupu yanaweka magamba na kutu, yanakula pampu. Au alijaza kulanti (yale maji yenye dawa ya kupoza injini) ya rangi nyingine. Kuna zinazogombana zikikutana, zinaganda kama uji na kuziba njia. Au hakukaza mfuniko. Watu wanaudharau mfuniko. Ule ndio unashika presha: ukishika bar 1, maji yanachemka karibu digrii 120 badala ya 100. Ukivuja, gari inachemsha kwenye joto ambalo jana ililimudu.

Mleta uzi, taa ilipowaka ulisimama pale pale?

#24 Gia_ya_Nne
Hapa ndipo nilipokuwa sitaki pafike.

Taa iliwaka, nikaangalia mshale, ulikuwa juu. Nikapunguza mwendo nitafute pa kuegesha. Baada ya kama dakika mbili mshale ukashuka wenyewe, chini kabisa, chini hata ya kawaida. Nikasema imepoa, alhamdulillahi. Nikaenda kama kilomita nane tisa hivi ndipo ikakosa nguvu.

#25 SitiYaMbele
Naomba soda.

#26 Mzee_Spana
Haikupoa. Maji yaliisha.

Sensa ya joto inapima maji yaliyoizunguka. Yakiisha, inabaki hewani, na hewa haiipi joto kama maji yanavyoipa, kwa hiyo mshale unaweza kushuka wakati hedi ya aluminiamu inawaka. Mshale ukipanda sana kisha ukashuka ghafla bila sababu, zima pale pale hata kama ni katikati ya daraja. Hedi imepindia kwenye hizo kilomita nane.

#27 PlagiMoja
Basi wakala yuko sawa, ni uzembe wa dereva. Taa nyekundu ni taa nyekundu.

#28 Daftari_la_Kijani
Si haraka hivyo. Kuna makosa mawili hapa: lililomwaga maji na lililopindisha hedi. Kama maji yalimwagika kwa kasoro ya kiwanda, kile kifaa bado ni cha waranti, hata kama wakigoma hedi. Na hata kwa hedi anaweza kubisha kwamba gari ilimwambia imepoa. Mshale si mapambo.

#29 PlagiMoja
Mshale ulimwambia imepoa, taa ilimwambia nini? Ilizimika? Kama ilibaki inawaka, kesi imekwisha.

#30 Gia_ya_Nne
Nadhani ilizimika pamoja na mshale. Nadhani. Nilikuwa naangalia barabara.

#31 Nukta_Nyekundu
Kompyuta haidhani. Taa ya injini ikiwaka na kodi (namba ya hitilafu) ikahifadhiwa, huwa inahifadhi pamoja nayo picha ya wakati ule: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji. Magari yote ya Marekani kuanzia modeli ya 1996 lazima yawe nayo, na kwingineko yakafuata. Wakala akichomeka mashine anaona ulikuwa unakimbia ngapi. Lakini picha hiyo ni ya sekunde kodi ilipoingia, si filamu ya kilomita nane. Omba uchapishiwe kabla mtu hajafuta kodi. Watu hufuta "kusafisha" tu, na ushahidi unaondoka.

#32 TairiLaAkiba
Wakati tunasubiri, kisa changu kidogo. Nilivutwa na rafiki, tukachukua ile ndoano ya chuma iliyo kwenye boksi la jeki, tukaikaza kwenye tundu la bampa. Ikawa inakataa. Tukalazimisha. Kumbe kwa gari ile inafungwa kinyumenyume, kukaza ni kushoto. Ikashika nusu ya uzi wa parafujo, tulipovuta ikatoka kama risasi, ikapita dirisha la rafiki. Hakuumia. Mpaka leo hanivuti, hata kwa maneno.

#33 BredauniMstaafu
Ikazwe mpaka mwisho kwa mkono kisha ipigwe na spana, na kamba isisimamiwe karibu. Bahati yenu.

Kuna mwingine aliniita gari ya umeme imekata chaji, akawa anashangaa sitaki kuiburuta. Mota zake zimeungana na matairi. Yakizunguka, zinazalisha umeme hata kama gari imezimwa. Hiyo inapanda juu, yote manne.

#34 SitiYaMbele
Kwa hiyo ya umeme ukiivuta inajichaji? Mbona hiyo ni habari njema?

#35 BredauniMstaafu
Inajichaji mpaka inajichoma. Kaa kwenye siti yako.

#36 Daftari_la_Kijani
Na kwa wenye umeme, betri kubwa kwa kawaida ina waranti yake ya pekee, nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, na ahadi ni kutoshuka chini ya asilimia 70 ya ujazo. Betri ndogo ya volti 12 haimo humo. Na ndiyo inayowalaza wengi barabarani, za petroli na za umeme sawa: klabu ya Ujerumani ya ADAC, ambayo ipo tangu 1903 na inahesabu kila gari linaloharibika wanaloitiwa, imekuwa ikiiweka betri ya kuwashia juu ya orodha, zaidi ya asilimia 40 ya miito kwa miaka ya karibuni. Tunabishana hedi, kinachotulaza ni betri.

#37 Mama_Funguo
Na hiyo betri kwenye waranti yangu ilikuwa mwaka mmoja tu. Pamoja na brekipedi, waipa, balbu, klachi. Matairi wanakuambia kamwone mtengeneza matairi. Kutu, mpaka itoboe bati kutoka ndani kwenda nje. Ya nje ndani ni yako. Nilipomaliza kusoma nikajiuliza kilichobaki ni nini, honi?

#38 TairiLaAkiba
Honi ni umeme, dada. Waliweka kando.

#39 Gia_ya_Nne
Nimetoka kwa wakala. Wamenionyesha. Rejeta ina ufa upande wa tenki la plastiki, karibu na inapokutana na alumini, na kuna alama ndogo ya kugongwa kwenye wavu, kama sentimita nne kutoka ufa ulipo. Fundi wao anasema jiwe. Pia wamepima maji yaliyobaki, wanasema ni maji matupu, hayana kulanti ya kutosha, kwa hiyo na gereji binafsi imo kwenye ripoti.

Sasa nina sababu tatu kwenye ukurasa mmoja na zote zinanielekea mimi.

#40 Mzee_Spana
Jiwe hupiga wavu na kutoboa mirija katikati. Ufa kwenye mshono wa plastiki na alumini ni mtindo mwingine: joto, presha, au tenki lilitoka kiwandani lina udhaifu. Sentimita nne ni mbali. Kama wavu haujalowa rangi ya kulanti pale alama ilipo, jiwe halikutoboa kitu.

#41 PlagiMoja
Au jiwe liligonga, mtetemo ukapasua mshono. Linawezekana pia mzee.

#42 Mzee_Spana
Linawezekana. Siapi bila kuona.

#43 KanuniNdogo
Halafu angalia kila sababu inampa nani bili. Ufa wa kasoro: waranti ya kiwanda. Jiwe: si kasoro, ni tukio la nje, hapo unagonga mlango wa bima kubwa. Bima nyingi zinakataa ubovu wa mitambo lakini jiwe barabarani ni ajali, na nyingine zinalipa kuvutwa mpaka kikomo fulani baada ya ajali. Maji matupu: gereji binafsi. Kilomita nane: wewe. Difu: mwenye bredauni, na kama ana bima ya gari alizobeba, bima yake. Kwa hiyo ukikubali "jiwe" kwa hasira, huenda umejifungulia bima huku ukijifungia waranti. Usikubali wala usikatae. Omba rejeta ihifadhiwe, usiruhusu itupwe.

#44 Nukta_Nyekundu
Na hayo maji yaliyopimwa ni matupu, yalitoka wapi kama yote yalikuwa yamemwagika?

#45 Gia_ya_Nne
...

Nilipoegesha nilikuwa na chupa mbili za maji ya kunywa. Nilimimina.

#46 SitiYaMbele
Mkuu, umebakisha kitu kingine? Tuambie yote kwa mpigo.

#47 Daftari_la_Kijani
Hiyo ni nzuri kwako! Kipimo chao kimepima chupa zako, si sevisi ya kilomita 50,000. Gereji binafsi inatoka kwenye ripoti, au angalau haiwezi kubaki kwa ushahidi huo.

#48 PlagiMoja
Na ni mbaya kwake. Maji baridi kwenye injini inayowaka yanapasua hedi. Hiyo sasa ni sababu ya nne.

#49 Mzee_Spana
Kupasua na kupinda ni magonjwa mawili. Wakala alisema imepinda. Waiweke rula ya chuma na fila (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), waipime presha waone kama ina ufa. Mleta uzi, ulingoja muda gani kabla ya kumimina?

#50 Gia_ya_Nne
Kama nusu saa. Mfuniko ulikuwa bado wa moto, nilitumia shati.

#51 Mzee_Spana
Usirudie kufungua mfuniko wa moto, shati halizuii mvuke. Nusu saa si mbaya kwa hedi. Si nzuri pia.

#52 Nukta_Nyekundu
Jambo moja halijaguswa: angalia namba ya chesisi kwenye orodha za magari yaliyoitwa kurudishwa kiwandani. Hilo ni tofauti na waranti, likihusu usalama unarekebishiwa bure hata waranti ikiwa imeisha. Tenki za rejeta huwa hazifiki huko mara nyingi, lakini kuangalia ni dakika mbili. Na uulize kama kuna waraka wa kiufundi wa kiwanda kuhusu rejeta ya modeli yako. Waraka haukupi haki ya moja kwa moja, ila unaonyesha wanalijua tatizo.

#53 Gia_ya_Nne
Nimeangalia, hakuna wito. Waraka, meneja amesema "ataulizia". Rejeta wamekubali kuihifadhi, nimepiga picha. Kuhusu difu nimempigia mwenye bredauni, anasema gari lilikuwa na mlio kabla hajalishika.

#54 BredauniMstaafu
Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza tunayofundishana. Risiti yake inasema nini? Ikitaja modeli, namba ya gari na namna ilivyovutwa, unaye. Nasi tulitakiwa kujaza fomu ya hali ya gari kabla ya kuinyanyua, na mteja asaini.

#55 Gia_ya_Nne
Ninayo mkononi. Imeandikwa "Kuvuta gari, 1."

#56 TairiLaAkiba
Moja nzima. Angalau hajakudai mbili.

#57 KanuniNdogo
Namba ya gari haipo?

#58 Gia_ya_Nne
Haipo. Tarehe ipo, ila ni ya mwaka jana.

#59 Mama_Funguo
Kaka, una picha yoyote gari ikiwa imening'inia? Hata ile ya kumtumia mtu nyumbani kumwambia utachelewa?

#60 Gia_ya_Nne
Ngoja niangalie simu ya mke wangu.